Mkaguzi Aliyehamia Upande wa Pili wa Meza

Ndugu zangu wa Nshamba na Kagoma, na ninyi wa Kemondo mnaopanda kwetu siku za gulio, naomba mnisikilize. Habari hii imetokea ndani ya nyumba niliyolelewa. Mama Mkubwa Celina ndiye aliyeniruhusu kuisema. Aliniambia, "Joviana, iseme yote, na jina langu ulitaje." Nimelitaja.

Kitongoji chetu cha Kyamulera kimekaa kwenye mteremko. Juu ni migomba na mibuni, chini kabisa ni chemchemi. Chemchemi hiyo iko mwisho wa kibanja cha Baba Mkubwa, Clavery Byabato, shamba la migomba aliloachiwa na marehemu baba yake. Pamoja na hayo, hakuna mtu aliyewahi kuambiwa asichote. Asubuhi wanawake tulikuwa tunateremka na ndoo zetu, tunasengenyana kidogo, tunatwishana, tunapanda. Wajomba wakija kutoka Bukoba mjini walikuwa wanajaza madumu ya kurudi nayo, wakisema chai ya kwetu haina mfano. Tuliishi hivyo kwa amani, na amani ya aina hiyo huioni mpaka ikuondokee.

Baba Mkubwa hakuwa mtu mdogo. Miaka mingi alifanya kazi katika ofisi ya serikali inayosimamia bei za maji na umeme. Kazi yao ni kukaa katikati. Huku wako wanaouza, huku tuko tunaonunua, na wao ndio wanaosema bei hii ni ya haki, bei hii ni wizi, mradi huu uendelee, mradi huu usimame. Wengi wenu mnakumbuka alivyokwenda Kemondo, watu walipokuwa wanatozwa kwa mabomba makavu. Alifungua bomba mbele ya wakubwa wa mradi, likapiga mluzi tu. Akawageukia akawaambia, "Hewa haiuzwi." Watu walicheka mpaka wakalia, na malipo yale yakafutwa. Tangu siku ile jina la Byabato likapotea, akawa Mkaguzi. Mkaguzi amekuja. Mpisheni Mkaguzi. Hata Mama Mkubwa sokoni waliacha kumwita Celina, wakamwita Mama Mkaguzi.

Alipostaafu tulimpokea vizuri sana. Wanaume walileta lubisi, pombe yetu ya ndizi, wanawake tulipika, na wazee walikaa naye wakitafuna akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna ambayo mgeni asipopewa hajakaribishwa. "Nyegera waitu!" ndiyo karibu yetu, kila kona. "Umerudi nyumbani, Mkaguzi."

Sasa hapa nataka mnielewe, maana kosa letu lilianzia hapa. Kwetu cheo hakistaafu. Mwalimu akiacha kufundisha ni Mwalimu, katekista akizeeka akashindwa hata kusoma ni Katekista mpaka anazikwa. Ni heshima na ni nzuri. Lakini hakuna kati yetu aliyewahi kujiuliza kama heshima hiyo mtu anaweza kuichukua akaenda kuikodisha.

Hazikupita wiki nyingi, gari likaanza kuja. Gari jeupe, vioo vyeusi. Ndani alikuwa kijana mmoja mtanashati, Dastan, meneja wa kampuni iliyokuwa inajiita Maji Neema, yenye ofisi Bukoba. Anashuka, anapiga goti nusu kumsalimia bibi yetu, Ma Annastella, mama yake Baba Mkubwa. Kisha anaondoka na Baba Mkubwa, na jioni anamrudisha.

Siku moja tukimenya ndizi, Mama Mkubwa alimuuliza mumewe, "Baba Gaudiosa, huyu kijana ni nani wako?"

"Ni watu wa maji. Wananiomba ushauri."

"Unawashauri bure?"

"Celina, mtu mwenye uzoefu hakai bure akiangalia migomba."

"Mimi nimeiangalia migomba hiyo ikasomesha watoto wako."

Baba Mkubwa alicheka, akasema chakula kikiiva aitwe. Ma Annastella, aliyekuwa ameegemea mlango akiota jua, akatupa lake. "Gari lile lina kiyoyozi. Mwanangu siku hizi anarudi na mafua."

Basi ukaitishwa mkutano wa kijiji. Mezani walikaa mwenyekiti, mtendaji, na katikati yao Baba Mkubwa amevaa koti lake la kazini. Dastan alikaa pembeni kama mgeni tu. Baba Mkubwa akasimama. Akasema chemchemi itajengewa uzio na pampu, maji yapelekwe kwenye tangi juu, yashuke kwenye vioski, na kila nyumba itakuwa na kadi ya kuchotea. Magonjwa ya tumbo yataisha. Akina mama hawatapanda mlima. Na bei itakuwa nafuu, imeshapimwa.

Jovina, jirani yetu wa mpaka mmoja, mwanamke asiyejua kunong'ona, alinyoosha mkono. "Imepimwa na nani, waitu?"

Baba Mkubwa akatabasamu. "Jovina, mimi ni nani?"

"Wewe ni Mkaguzi."

"Basi. Mradi huu nimeukagua mwenyewe."

Watu wakapiga makofi. Wanaokubali wanyooshe mikono, na mikono ikajaa. Wangu ulikuwemo. Hakuna aliyeuliza kama mtu aliyestaafu bado anakagua, wala anamkagulia nani. Tulimwona amekaa pale pale anapokaa mtu wa serikali, tukaona yatosha. Nilirudi na Mama Mkubwa. Tulipofika kwenye mgomba wa kwanza wa kibanja chetu akasema, "Joviana, yule Dastan hakusema hata neno. Ana kampuni, na hakusema neno. Kwa nini aseme, kama ana mtu wa kumsemea?"

Uzio ukajengwa, geti likawekwa. Joackim, kijana wa hapo hapo kitongojini, akapewa rungu na kofia, awe mlinzi. Kweli mwanzoni maji yalitoka, na tulifurahia kutopanda mlima, nisiwadanganye. Kisha bei ikapanda. Kisha ikapanda tena. Kisha ukaja ugonjwa wa mtandao. Unafika kioski, unagusisha kadi, taa nyekundu. Unapiga simu Bukoba, unaambiwa subiri, mtandao unashughulikiwa. Mtandao! Maji yako chini ya nyumba yenu, unayasikia yanavyotiririka ndani ya uzio, nawe unasubiri mtandao kutoka mjini. Wenye nguvu wakaanza kwenda kuchota mto wa mbali wanakonyweshea ng'ombe. Tumbo lililosemwa litapona likarudi na wenzake.

Watu wakamwendea Mkaguzi. Nani mwingine wangemwendea? Walikuja mmoja mmoja, kofia mkononi, kama zamani. "Mkaguzi, tuandikie kule ofisini kwenu." Yeye akawajibu kwamba mradi mpya una changamoto, wawe na subira. Jovina hakuja na kofia. Alisimama uani akauliza kwa sauti yake ile, "Mkaguzi, siku hizi hewa inauzwa?"

Baba Mkubwa aliingia ndani akafunga mlango.

Tangu hapo nyumba yetu ikaanza kukauka watu. Zamani ukipika senene, harufu tu inakuletea wageni. Sasa wakipita wanasalimia wakiwa barabarani, miguu inaendelea. Mama Mkubwa akienda kusali jumuiya, benchi lake linabaki na nafasi. Hakulalamika. Alinunua kadi kama wengine, akapanga foleni kama wengine, na taa nyekundu ilipowaka alirudi na ndoo tupu kama wengine. Baba Mkubwa alimwambia, "Unanidhalilisha. Nikimpigia Dastan simu tu, tutaletewa bomba mpaka jikoni."

"Mpigie," alisema Mama Mkubwa. "Mwambie alete na majirani wa kuja kunywa nami."

Katika hali hiyo ndipo Ma Annastella akafariki. Alikuwa amezeeka, aliugua kidogo, akaondoka. Alikuwa mama wa watu wote, maana nusu ya Kyamulera alikuwa mkunga wao.

Ninyi mnajua desturi yetu, lakini niiseme kwa ajili ya watakaosoma mbali. Nyumba yenye msiba haichoti maji. Kabla ya kuni, kabla ya mikungu ya ndizi, kabla hata ya kulia, wanawake wa majirani huleta maji. Mwenye msiba akikuta mtungi wake umejaa bila yeye kuinuka, anajua hayuko peke yake. Siku mtu anapoachwa bila maji kwenye msiba, ameshatengwa. Sijawahi kuona ikitokea, nimesikia tu.

Asubuhi wanawake wakaja, kitongoji kizima. Walipanga mstari njia nzima ya kibanja, kila mmoja na ndoo kichwani, nami nikashusha pumzi. Wakaingia uani. Wakashusha ndoo wakazipindua, midomo chini, wakazikalia. Zote zilikuwa tupu.

Baba Mkubwa alitoka ndani, macho mekundu ya kilio. "Mama zangu. Maji yako wapi?"

"Yako kwako, Mkaguzi," alisema Jovina. Siku hiyo hakupaza sauti. "Kadi zimegoma tangu juzi. Sisi ndoo tumeleta. Ma Annastella alinizalisha watoto wangu wote, siwezi kuacha kuja. Lakini siwezi kuleta kitu mlichofungia."

Baba Mkubwa akapiga simu, mbele yetu. Tulimsikia akisema, "Dastan, nina msiba... Ndiyo, mama yangu mzazi... Naomba tu geti lifunguliwe, saa moja tu." Alisikiliza muda. Akaishusha simu. Akasema meneja yuko njiani, anakuja na maji.

Jamani, alikuja kweli. Gari jeupe lilisimama, na wakashusha katoni za maji ya chupa, zile chupa ndogo za semina. Mikungu ilikuwa imeshamenywa, masufuria yako mekoni hayana kitu, watu wa mazishi wanazidi kuingia. Mama mmoja mzee akachukua kachupa kamoja, akakageuza geuza. "Haya tupikie ndizi au tumnyonyeshe mtu?" Pale pale msibani watu wakacheka, cheko lile la uchungu.

Ukafika wakati wa salamu za rambirambi. Walisema ukoo, wakasema parokia, ikafuata kampuni. Dastan akasimama chini ya turubai, suti nyeusi, sauti tamu. Naamini alitaka kusema vizuri. Ndivyo anavyosema mtu aliyezoea kwamba wanaomsikiliza ni wenzake.

"Mzee Byabato si mgeni kwetu," akasema. "Tumetoka naye mbali. Hata alipokuwa bado kwenye kiti cha serikali, maombi yetu yalipokuwa mezani kwake, alitulea kama mzazi. Nasi tukamwambia wakati ule ule, mzee, ukistaafu usiwe na wasiwasi, kiti chako kwetu kipo. Tumetimiza ahadi. Kwa hiyo mama yake ni mama yetu..."

Aliendelea, ila sidhani kama kuna aliyemsikia. 

Mama Mkubwa alikuwa amekaa chini juu ya nyasi karibu na jeneza, kanga kichwani. Mkamwana wa marehemu hasemi wakati wa rambirambi. Akasimama.

"Mwanangu, rudia."

"Samahani, mama?"

"Hilo la kiti. Rudia. Kuna watu walikuwa wanalia hawakusikia."

Dastan akamtazama Baba Mkubwa. Baba Mkubwa alisema, "Celina, si hapa."

"Wapi basi? Mikono tuliinyoosha mbele ya watu. Kwa hiyo wakati unapitisha mradi wao, kule ofisini, ulikuwa umeshaahidiwa kazi?"

"Nilifanya kazi yangu kwa mujibu wa taratibu."

"Ulikuwa umeahidiwa au hukuahidiwa?"

"Nilikuwa nakaribia kustaafu! Mnajua mtu akistaafu anakuwa nani? Simu hailii. Aliyekuwa anakufungulia mlango jana, leo anakuuliza jina. Wenzangu wote wana mahali walipokwenda. Wote! Mmoja yuko kwenye umeme, mwingine kwenye mafuta. Mimi nirudi kuhesabu mikungu?"

Ndugu zangu, hata mimi nilimwonea huruma pale. Alisema kweli yake. Lakini huruma hiyo haikujaza hata sufuria moja.

 Mama Mkubwa alikwenda kwa wachimba kaburi akachukua sururu. "Mama yangu huyu hatazikwa na watu wenye kiu," akasema. "Mwenye ndoo anifuate."

Ndoo zikageuzwa zote kwa pamoja. Uani palitoka mlio kama mvua ya mawe kwenye bati. Tukateremka.

Joackim alikuwa getini na rungu lake. Alipoona umati akavua kofia. "Mama Mkaguzi, tafadhali, mimi nina ajira."

"Niite Celina. Pisha."

"Wakiniuliza nitasema nini?"

"Sema tulikuzidi nguvu," alisema Jovina.

Joackim akafikiri. "Basi nisukumeni kidogo, nionekane nimesukumwa." Jovina akamgusa kifuani kwa vidole viwili, na Joackim akaanguka chali kwenye nyasi, akalala huko akipiga kelele, "Wamenizidi! Wamenizidi jamani!" huku amefumba macho asimwone hata mmoja wetu. Mama Mkubwa akapiga kufuli. Lilikuwa gumu. Wakapokezana sururu, wanawake wa rika zote, mpaka geti likalala. Tukachota, tukapika, tukamwosha mikono kila mgeni, na Ma Annastella akazikwa kwa heshima. Mpaka jioni mtungi wa nyumbani ulikuwa unafurika. Dastan alikuwa ameshaondoka na katoni zake.

Mnadhani iliishia hapo? Kampuni ilikwenda polisi. Na kwa kuwa ardhi ni ya Baba Mkubwa, walimtaka yeye ndiye awataje waliovunja. Matanga hata hayajaisha, akachukuliwa na lile gari mpaka Muleba, akataja. Alimtaja Jovina. Akataja wengine, majirani zake, watu wa rika lake. Mke wake hakumtaja.

Jovina aliitwa kituoni. Mama Mkubwa aliposikia, alivaa kitenge chake cha kanisani, nami nikamfuata. Tulimkuta Baba Mkubwa amekaa kwenye benchi na mwanasheria wa kampuni. Mama Mkubwa akapita mbele yao, akamwamkia askari wa zamu, akasema, "Afande, huyu mzee amesahau jina moja. Mimi ndiye niliyeshika sururu wa kwanza. Celina Byabato. Andika."

"Celina, nenda nyumbani," alisema Baba Mkubwa kwa sauti ya chini.

"Natoka nyumbani. Wewe ndiye uliyehama."

Nyuma yetu mlango ukafunguka. Wanawake wa Kyamulera walikuwa wamepanda lori la ndizi. "Andika Gaudiosa." Huyo ni binti yao wa kuzaa, mjamzito, amekuja kutoka kwa mumewe. "Andika Maimuna." Maimuna ni mchuuzi wa dagaa aliyehamia kwetu kutoka visiwani, hata ardhi hana. "Afande, na mimi nilisukuma mlinzi," akasema bikizee mmoja mwenye mkongojo. Askari akaweka kalamu chini. Akasema mkubwa wake amesikia kuna mkutano wa maoni unakuja kuhusu bei ya maji hayo, na kwamba twende tukasemee huko, kesi itasubiri.

Mkutano ulifanyika ukumbini hapo hapo Muleba. Ofisi ile alikotoka Baba Mkubwa ilimtuma afisa anayeitwa Evelyne. Alikuwa dada wa heshima, miwani midogo, na alipomwona Baba Mkubwa alisimama upesi. "Shikamoo bosi." Kumbe ndiye aliyemfundisha kazi. Ila safari hii Baba Mkubwa hakukaa mezani katikati. Alikaa upande wa kampuni, na koti lake lilikuwa lile lile.

Kampuni ilisema ya kwake. Ilitaka bei ipande tena, na uzio ujengwe upya kwa gharama zetu. Evelyne akauliza kama wananchi wana maoni kuhusu bei.

Mama Mkubwa akasimama. "Afisa, kabla ya bei nina swali, na ni lako wewe. Ukimaliza utumishi wako, utakaa upande upi wa meza hii?"

Ukumbi ukavuma. Evelyne alirekebisha miwani. "Mama, hilo halipo kwenye ajenda."

"Ndiyo maana nauliza. La huyu pia halikuwemo kwenye ajenda. Alikaa hapo ulipokaa, akapitisha mradi, na kiti chake kwao kilikuwa kimeshawekwa mto. Tumelisikia msibani, kwa mdomo wa kampuni yenyewe, na mashahidi ni waombolezaji wote. Mimi ni mke wake. Sitaki fidia, sitaki kuombwa radhi. Nataka kujua nazungumza na nani leo. Kama nazungumza na mfanyakazi wao wa kesho, niambie nikae, nisimalize sauti yangu."

Hakuna aliyepiga makofi. Tulikuwa tunamtazama Evelyne. Alimtazama Dastan, na Dastan akainamia simu yake. Wakati ule niliona kitu usoni mwa yule dada, nikajua na yeye ameshatupiwa neno. Labda chakula cha mchana mahali. Labda salamu tu.

Kisha akamgeukia mwalimu wake. "Mzee Byabato. Uliahidiwa lini?"

Baba Mkubwa alifungua mdomo. Mwanasheria akamshika mkono. Akaufunga mdomo. Mtu aliyewakabili wakubwa wa Kemondo mbele ya bomba kavu, siku hiyo alimwangalia mwanasheria kwanza, kama mtoto anayeangalia kama ataruhusiwa.

"Basi," alisema Evelyne. "Maombi haya sitayasikiliza leo. Nitapeleka taarifa kwamba kibali cha mwanzo kichunguzwe upya, na mpaka hapo uzio usijengwe." Akatugeukia. "Na swali lako, mama, nitalijibu. Kwao siendi."

"Tutakukumbusha," akajibu Jovina kutoka nyuma, na hapo ndipo ukumbi ulipolipuka.

Uchunguzi ulichukua muda, lakini kibali kilifutwa. Kesi ya geti ikafa yenyewe, maana shahidi mkuu, Joackim, aliapa kwamba alisukumwa na kundi kubwa la watu asiowafahamu. Kijiji kikachagua kamati yake ya maji, na Mama Mkubwa akakataa uenyekiti, akasema apewe Maimuna, kwa sababu hana ukoo hapa wa kumpendelea.

Na Baba Mkubwa? Kampuni ilimwachisha kwa simu. Walichokuwa wanakitaka kwake kilikuwa ni jina lile watu waliloliamini, na jina lilikuwa limekwisha. Tunasikia wameshamchukua mwingine, amestaafu juzi juzi, wa mkoa mwingine. Baba Mkubwa mwenyewe amepanga chumba Bukoba. Gaudiosa alijifungua, akampelekea mjukuu amwone, akaniambia alilia. Mama Mkubwa hajamfukuza. Alimtumia neno moja tu: mlango uko wazi, ila apitie kwanza kwenye mkutano wa kijiji, asimame pale pale aliposema amekagua, aseme alikuwa anamkagulia nani. Mpaka ninapoandika hajaja. Mama Mkubwa analima, anakoboa kahawa, na anayemwita Mama Mkaguzi hamwitikii.

FUNZO

Tamaa ya Baba Mkubwa haikuwa ya kula tu. Alikula kwake akashiba. Alitaka aendelee kuwa mtu ambaye simu yake inalia, na kampuni ikajua. Anayesimamia maji na umeme wetu akianza kufikiria atakakokwenda baadaye, ameshakwenda. Kilichobaki kwenye kiti ni koti. Nyumba yake ndiyo iliyovunjika kwanza, kabla hata ya geti.

Na sisi tuna sehemu yetu. Tulimheshimu mtu hata pale alipokuwa amebadilisha tajiri, tukanyoosha mikono kwa sababu ya jina. Heshima mpeni mzee, mpeni kiti, mpeni kahawa atafune. Mikono msiinyooshe mpaka mjue anayemlipa. Msiogope kuonekana wakorofi. Mimi nimeishia darasa la saba na swali hili halinishindi.

Siku hizi afisa yeyote akifika Kyamulera, kabla hajafungua faili lake, anaulizwa na Jovina: leo umetumwa na nani, na ukiacha kazi hii unakwenda kwa nani? Wengine wanajibu. Wengine wanakasirika, wanasema tunawavunjia heshima. Wakasirike. Tunawapa maji ya kunywa, tunawangoja wamalize hasira, kisha tunauliza tena.